Tarehe ya Kuhama: Mpito wa Mifumo ya Mafao ya Kustaafu Tanzania, 1964–2024

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu mafao ya wastaafu nchini Tanzania imetawaliwa kwa muda mrefu na viwango: asilimia ya mkupuo, kiasi cha pensheni ya kila mwezi na kiwango cha mchango wa mwajiri na mwajiriwa. Kipengele kingine cha sheria hizo, yaani tarehe ya kuanza kutumika, kimechukuliwa kuwa suala la utaratibu tu. Mbunge hukipitisha haraka, na mwandishi wa habari hukitaja mwishoni mwa taarifa yake. Hata hivyo, mfumo wa zamani unapopisha mfumo mpya, tarehe ndiyo inayoamua nani ataingia kwenye mfumo mpya akiwa na haki zake zote, nani ataingia akiwa amepoteza sehemu yake, na nani atalipa gharama ya mpito wenyewe.

Makala hii inachunguza historia ya mipito hiyo kuanzia kuundwa kwa Shirika la Akiba ya Wafanyakazi mwaka 1964 hadi marekebisho ya kikokotoo ya mwaka 2024. Hoja yake kuu ni kwamba mgogoro wa kikokotoo uliolipuka mwaka 2018 una mizizi katika tarehe iliyowekwa mwaka 1999. Katika mwaka huo utumishi wa umma ulihamishwa kutoka pensheni isiyochangiwa na kuingizwa katika mfuko wa kuchangia, lakini gharama ya miaka ya utumishi iliyotangulia haikuhamishwa pamoja nao. Deni hilo lilitembea ndani ya mfumo kwa takribani miaka ishirini, kisha likawafikia watumishi ambao hawakuwa na sauti katika kuliunda.

2. Mifumo iliyorithiwa na mihamo ya kwanza

Tanganyika ilipopata uhuru ilirithi utaratibu wa mafao uliogawanyika kwa tabaka la ajira. Watumishi wa kudumu wa Serikali walikuwa chini ya sheria ya pensheni ya mwaka 1954, ambayo haikumtaka mtumishi kuchangia chochote, kwani pensheni yake ililipwa na Hazina. Watumishi wengine wa Serikali na wale wa serikali za mitaa walikuwa na mifuko ya akiba iliyoanzishwa katika miaka ya 1940. Wafanyakazi wengi wa mashamba, viwanda na maduka hawakuwa na hifadhi yoyote ya uzeeni inayosimamiwa na sheria.

Sheria ya mwaka 1964 iliyoanzisha Shirika la Akiba ya Wafanyakazi (NPF) ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Mfanyakazi na mwajiri walichangia, fedha zikawekwa katika akaunti ya mwanachama, na mwisho wa ajira mwanachama alilipwa akiba yake pamoja na riba kwa mara moja. Mwaka 1978 wafanyakazi wa mashirika ya umma wakapata mfuko wao wa pensheni, PPF.

Udhaifu wa mfumo wa akiba ulidhihirika katika miaka ya 1980, wakati mfumuko mkubwa wa bei ulipomomonyoa thamani ya shilingi. Mtu aliyeweka akiba kwa miaka ishirini alipokea fedha ambazo hazikulingana tena na jasho lililozizaa. Sheria ya mwaka 1997 ikaibadili NPF kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na mkupuo wa akiba ukapisha pensheni ya kila mwezi kwa mwanachama aliyetimiza miezi 180 ya kuchangia. Mfuko wa serikali za mitaa (LAPF) nao uligeuzwa kutoka akiba kuwa pensheni kwa sheria ya mwaka 2006.

Mihamo hii ya kwanza ina sifa moja inayofanana. Mwanachama aliyehamishwa alikuwa tayari na akiba katika akaunti yake. Iwe mfumo mpya ulimfaa au haukumfaa, fedha za kumhudumia zilikuwapo. Hali haikuwa hivyo kwa watumishi wa Serikali Kuu.

3. Tarehe ya 1999 na deni lililobaki nyuma yake

Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya Watumishi wa Umma ya mwaka 1999 ilianzisha mfuko wa PSPF. Kuanzia Julai 1999 mtumishi alikatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na Serikali kama mwajiri ikatakiwa kuchangia asilimia 15. Kanuni ya kukokotoa mafao ilikuwa ya ukarimu: mshahara wa mwaka uliidhinishwa kuzidishwa kwa idadi ya miezi ya utumishi na kugawanywa kwa 540. Nusu ya pensheni iliyopatikana ilibadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa kwa 15.5, na nusu iliyobaki ililipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa maisha yote ya mstaafu.

Ugumu ulikuwa katika maneno "miezi ya utumishi". Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1975 alipostaafu miaka kadhaa baada ya 1999, mafao yake yalihesabiwa kwa utumishi wake wote, na ilikuwa haki yake kuhesabiwa hivyo. Lakini mfuko uliotakiwa kumlipa ulikuwa umepokea michango ya miaka michache tu. Miezi ya kabla ya Julai 1999 haikuwa na mchango hata mmoja. Ilikuwa ahadi ya Hazina, na mfuko ungeweza kuitekeleza bila kuyumba iwapo tu Hazina ingewasilisha fedha zake kwa wakati.

Fedha hizo hazikuwasilishwa kama ilivyotarajiwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilirudia kwa miaka mingi kuitaja PSPF kuwa mfuko wenye uwiano mbaya kati ya mali zake na madeni yake kwa wanachama, na zikautaja utumishi wa kabla ya 1999 kuwa sababu kubwa ya hali hiyo. Ni mwaka 2021 tu, miaka 22 baada ya sheria kupitishwa, ndipo Serikali ilipotoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, yenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2, ili kupunguza deni hilo.

Kwa mantiki hiyo, tarehe ya 1999 ilikuwa safi kwenye karatasi tu. Ilimtaka mtumishi aanze kuchangia mara moja, nayo ikamruhusu mwajiri wake kuahirisha. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Katika historia hii deni halikulipwa kwa wakati, na kila mwaka uliopita uliongeza idadi ya wastaafu waliokuwa wakilipwa kutokana na michango ya wale waliokuwa bado kazini.

4. Njia tatu za kuchora mstari

Kabla ya kuchunguza yaliyofuata, ni muhimu kubainisha kwamba mtunga sheria anayehamisha watu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ana njia tatu kuu za kuchora mstari. Ya kwanza ni kuufuata mwaka wa kuajiriwa: walioajiriwa kabla ya tarehe fulani hubaki na kanuni za zamani, na wapya huanza na kanuni mpya. Ya pili ni kuufuata mwaka wa kustaafu: yeyote anayestaafu baada ya tarehe hiyo huhesabiwa kwa kanuni mpya, hata kama karibu utumishi wake wote ulifanyika chini ya kanuni za zamani. Ya tatu ni kuufuata mwezi wa utumishi wenyewe: miezi iliyotumikiwa chini ya sheria ya zamani huhesabiwa kwa sheria hiyo, na miezi inayofuata kwa sheria mpya.

Njia ya kwanza humlinda aliyeajiriwa, lakini huchelewesha nafuu kwa mfuko kwa takribani miaka thelathini. Ya pili huupa mfuko nafuu papo hapo, na gharama yake humwangukia aliye karibu na mlango wa kutokea, ambaye hana tena muda wa kurekebisha mipango yake. Ya tatu hugawa mzigo kwa miaka, ila hudai kumbukumbu sahihi za kila mwanachama.

Nchini Kenya, mpango wa kuchangia wa watumishi wa umma ulitungiwa sheria mwaka 2012, ukaahirishwa mara kadhaa na kuanza Januari 2021. Huko umri ulitumika kama mstari: waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima, na wenye umri wa miaka 45 na kuendelea wakapewa hiari ya kubaki katika utaratibu wa zamani. Mchango wa mtumishi nao ulipandishwa kwa hatua, kuanzia asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili hadi 7.5 mwaka wa tatu. Kenya nayo haikuepuka malalamiko, lakini sheria yake ilikiri waziwazi kwamba mtumishi wa miaka 30 na yule wa miaka 57 hawawezi kuhamishwa kwa namna moja.

5. Kutoka 2012 hadi 2018: mstari unasogezwa

Sera ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2003 ilikuwa imekwisha kulalamikia wingi wa mifuko na tofauti za mafao miongoni mwa wanachama wenye mishahara inayolingana. Sheria ya mwaka 2008 ikaanzisha mamlaka ya kusimamia sekta, SSRA. Hatua ya kwanza iliyowagusa wafanyakazi wengi ilikuja mwaka 2012, pale marekebisho ya sheria yalipoondoa fao la kujitoa, yaani haki ya mwanachama kuchukua michango yake anapoacha kazi kabla ya umri wa kustaafu. Wafanyakazi wa migodini, ambao ajira zao hukatika mara kwa mara, walipinga kwa nguvu, na Serikali ikarudi nyuma. Walichokipinga hasa ni kwamba sheria mpya ilikuwa imezifunga fedha ambazo wao walikwisha kuziweka wakijua kwamba wataweza kuzichukua.

Mwaka 2014 mamlaka hiyo ilijifunza. Kanuni za kuoanisha mafao, zilizoanza Julai 2014, zilitumia njia ya kwanza. Wanachama wapya walihesabiwa kwa kigawanyo cha 580, mkupuo wa asilimia 25 na kizidisho cha 12.5, ilhali waliokuwa tayari ndani ya PSPF na LAPF walibaki na kigawanyo cha 540, asilimia 50 na kizidisho cha 15.5. Hapakuwa na kelele kubwa, kwa kuwa waliopunguziwa walikuwa watu ambao bado hawajaajiriwa. Lakini kwa mfuko uliokuwa na deni, nafuu ya kweli ingeanza kuonekana miaka ya 2040.

Mfuko haukuweza kusubiri. Sheria ya mwaka 2018 iliunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanza kazi Agosti 2018, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi na isiyo rasmi. Kanuni zilizofuata zikaacha njia ya kwanza na kushika ya pili: kila anayestaafu ahesabiwe kwa 580, asilimia 25 na 12.5. Mtumishi aliyebakiza miezi michache kustaafu akaambiwa kwamba mkupuo wake utakuwa chini ya nusu ya ule aliokuwa akiutarajia.

Tarehe 28 Desemba 2018, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko Ikulu, Dar es Salaam, akaagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika katika kipindi cha mpito hadi mwaka 2023. Agizo hilo lilituliza hasira. Hata hivyo, halikubadili njia iliyotumika kuchora mstari. Mstari ulibaki kwenye siku ya kustaafu, ukasogezwa mbele tu.

6. Hesabu ya siku moja

Kanuni mpya zilizokubaliwa baada ya majadiliano ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi zilianza Julai 2022, kabla ya mwaka uliotajwa katika agizo la 2018 kufika. Mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote, kwa kigawanyo cha 580 na kizidisho cha 12.5. Kwa wanachama waliokuwa wakipata asilimia 25, ambao kwa maelezo ya Serikali ndio walio wengi, hilo lilikuwa ongezeko la mkupuo. Kwa waliotoka PSPF na LAPF lilikuwa punguzo.

Uzito wa punguzo hilo huonekana kwa mfano. Tuchukue mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi na utumishi wa miezi 360. Kwa kanuni ya zamani pensheni yake kamili ilikuwa shilingi 8,000,000 kwa mwaka, mkupuo wake shilingi 62,000,000 na pensheni ya mwezi takribani shilingi 333,000. Kwa kanuni ya 2022 pensheni kamili inashuka hadi takribani shilingi 7,448,000 kwa mwaka, mkupuo unakuwa takribani shilingi 30,724,000 na pensheni ya mwezi takribani shilingi 416,000. Anapata zaidi ya shilingi 82,000 kila mwezi na kukosa zaidi ya shilingi milioni 31 za mkupuo. Ili nyongeza ya mwezi ifidie pengo hilo, inamlazimu aishi takribani miaka 31 na nusu baada ya kustaafu. Aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 angetakiwa kuvuka miaka 91.

Hapo ndipo tarehe inapopata nguvu yake. Katika utumishi wa umma mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55. Aliyekuwa na umri kati ya miaka 55 na 60 mwanzoni mwa mwaka 2022 alikuwa na uchaguzi: kuondoka mapema na mkupuo wa zamani, au kuendelea kupokea mshahara na kuingia katika kanuni mpya. Aliyekuwa na miaka 54 hakuwa na uchaguzi wowote. Watu wawili walioajiriwa mwaka mmoja, wakafundisha shule moja, wangeweza kutenganishwa na mamilioni ya shilingi kwa sababu ya miezi michache ya kuzaliwa. Aidha, uchaguzi huo ulihitaji maarifa. Anayeifahamu kanuni, au mwenye ndugu anayeifahamu, alijua siku ya kuondoka, na asiyeifahamu aliijua alipokwisha kuondoka.

Mfano huu unaonyesha pia jambo ambalo mjadala wa umma haukuliweka wazi. Mkazo wote ulikuwa kwenye asilimia. Lakini asilimia, peke yake, haimpunguzii mstaafu jumla ya haki yake: humhamishia fedha kutoka mkupuo kwenda pensheni ya mwezi. Kinachopunguza ni namba nyingine mbili, kigawanyo na kizidisho. Lau mtumishi wa mfano wetu angeachiwa asilimia 50 yake huku akihesabiwa kwa 580 na 12.5, mkupuo wake ungekuwa takribani shilingi 46,552,000 na pensheni yake takribani shilingi 310,000. Vyote viwili viko chini ya vile vya kanuni ya zamani.

Kwa sababu hiyo, hatua ya bajeti ya mwaka 2024/25, iliyopandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliotoka kwenye asilimia 50 na hadi asilimia 35 kwa waliotoka kwenye 25, ilijibu nusu tu ya swali. Mtumishi wetu sasa angepata mkupuo wa takribani shilingi 37,241,000, lakini pensheni yake ya mwezi ingeshuka hadi takribani shilingi 372,000. Nyongeza ya mkupuo imetoka katika mfuko wake mwenyewe.

7. Njia ambayo haikuchukuliwa

Njia ya tatu, ya kuhesabu kila mwezi kwa sheria yake, haikutumika mwaka 2018 wala 2022. Tumchukue mtumishi yuleyule, mwenye miezi 240 chini ya kanuni ya zamani na miezi 120 chini ya kanuni ya 2022. Mkupuo wake kwa njia hiyo ungekuwa takribani shilingi 51,575,000 na pensheni yake takribani shilingi 361,000 kwa mwezi. Anayestaafu siku ya kwanza ya mfumo mpya asingepoteza chochote, anayestaafu mwaka unaofuata angepoteza kidogo, na mzigo ungeongezeka taratibu kwa wale wenye muda wa kujipanga. Siku moja isingekuwa na thamani ya mamilioni.

Haifai, hata hivyo, kuwahukumu watunga kanuni bila kuzingatia hali waliyokuwa nayo. Kuendelea na kanuni mbili ndani ya mfuko mmoja kulimaanisha kwamba karani aliyetoka PPF na mwenzake aliyetoka PSPF, wote wakiwa wanachama wa PSSSF, walipwe tofauti kwa mshahara uleule. Hoja ya usawa ilikuwa na uzito. Vilevile mfuko uliorithi deni la 1999 haukuwa na hazina ya kugharimia mpito wa polepole. Njia ya tatu inahitaji fedha ya kulipia ahadi za zamani wakati mfumo mpya unakua, na fedha hiyo ndiyo iliyokuwa haijawasilishwa.

8. Hitimisho

Historia iliyochunguzwa inaonyesha kwamba mpito wa mafao una tarehe mbili, ingawa sheria huandika moja. Ipo tarehe ya mwanachama kuhamia kwenye kanuni mpya, na ipo tarehe ya mwajiri wake kulipia miaka iliyopita. Mwaka 1999 ya kwanza iliandikwa na kutekelezwa, na ya pili ikaachwa wazi hadi mwaka 2021. Katika kipindi hicho mfuko ulidhoofika, uamuzi wa upole wa 2014 ukashindwa kuuokoa, na mstari ukahamishiwa kwenye siku ya kustaafu, mahali ambapo mwanachama ana nguvu ndogo kuliko wakati wowote wa maisha yake ya kazi.

Inafuata kwamba kupandisha au kushusha asilimia ya mkupuo hakuwezi kuumaliza mgogoro huu. Marekebisho yoyote yajayo yatapaswa kwanza kutaja ni nani atalipia miezi iliyokwisha kutumikiwa, kwa kiasi gani na kwa ratiba ipi, ndipo yataje siku ambayo kanuni mpya itaanza kumhusu mtumishi.